Eda Iliyopita Kimya

Panga boi la sebuleni lililia kwi, kwi, kwi, likapunguza mwendo, kisha likanyamaza. Giza likaifunika Tandika nzima, na magharibi ndiyo kwanza imeadhiniwa.

"Washakata hao," Bi Hamisa alisema akiwa kwenye mkeka wake wa swala. "Na ile taa ya kuchaji nayo imekufa. Munira, hebu kimbia sokoni kabla hawajafunga."

"Na mie!" Wafa akairukia miguu ya mama yake. Alikuwa na miaka mitano na hakuna safari aliyokubali impite.

"Wewe baki na bibi. Nakuletea karanga."

"Za kukaanga."

"Za kukaanga, bosi wangu."

Munira alijitanda mtandio wa zambarau juu ya dera lake la maua ya njano, akatoka akipapasa ukuta. Sokoni kulikuwa kama hakuna umeme uliokatika. Jenereta zilinguruma, taa ndogo zilining'inia juu ya meza za biashara, moshi wa mishkaki ulitambaa katikati ya watu, na spika moja ilikuwa inapiga singeli kwa kasi ya kumchosha hata aliyekaa. Alikuwa anauliza wapi wanauza taa alipoona mgongo anaoujua.

Mwanamume yule alikuwa ameinama kwenye meza ya ndala za watoto, anamulika kwa simu. Alivaa shati la bluu lililokunjwa mikono, na kwenye nywele zake vilinasa vipande vidogo vya sponji, kama mtu aliyenyeshewa na godoro. Mkononi alishika ndala za pinki.

"Hizo zitambana," Munira alisema. Maneno yalimtoka kabla hajajizuia.

Anwar aligeuka taratibu. Alikuwa amekonda, ndevu amezisahau.

"Si ndiyo saizi yake?"

"Ilikuwa. Miguu imekua. Kachukua yako."

"Masikini mwanangu."

Munira akacheka. Kisha akakumbuka kwamba hakupaswa kucheka, akatazama pembeni.

Walikuwa wameoana miaka sita. Anwar alikuwa fundi makochi Keko, yeye akiwa mshonaji wa vitambaa vyake. Anwar alipiga fremu na kukata sponji, Munira alishona vifuniko na kuzungushia ule uzi mnene pembeni ambao wateja waliusifia. Ndivyo walivyopendana, ndivyo walivyopata hata kiwanja chao cha Kimbiji. Kisha akaja mteja wa Mbezi Luis, mwanamke aliyeagiza seti nzima ya kochi la kijivu. Siku moja Munira aliona picha ambayo mwanamke yule aliiweka kwenye status ya simu yake. Kochi alilitambua kwa uzi wake mwenyewe. Juu ya mkono wa kochi lile palikuwa na shati la bluu la Anwar, na siku ile Anwar aliaga kwamba anakwenda kupima makochi Ukonga. Munira alimchukua Wafa na begi moja, akarudi kwa mama yake. Hakumpa nafasi ya kusema chochote.

"Munira," Anwar alisema sasa, watu wakiwasukuma huku na huku. "Nilikosa. Sina wa kumsingizia. Yule mtu nimeshaachana naye, lakini hilo halifuti kitu. Nilikosa."

"Braza," muuza ndala aliingilia, "unachukua mzigo au unatongoza?"

"Namtongoza mke wangu."

"Eh! Basi chukua saizi ya juu, mie nakuombea dua."

Munira aliuma midomo asicheke tena. Hewa ya moshi ilimchoma macho, au alijisingizia kuwa ni moshi. Miezi yote ile alikuwa amejibu maswali ya mashangazi, ameshona mapazia ya watu, amelala upande mmoja wa kitanda kana kwamba upande wa pili bado una mwenyewe. Na kumbe neno alilokuwa analisubiri lilikuwa fupi hivyo.

"Jumamosi ni barazani," alisema. Alikuwa amepeleka lalamiko lake kwenye baraza la usuluhishi la kata, maana mahakama haipokei shauri la talaka kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha.

"Najua. Nitakuja."

"Uje useme hivyo hivyo ulivyosema hapa."

"Nitasema."

Alirudi nyumbani na ndala za pinki, bila taa na bila karanga. Bi Hamisa alimmulika usoni kwa simu, akaguna.

Kuanzia usiku huo simu ikawa inalia.

"Umekula?" Munira aliuliza siku ya pili.

"Nimekula wali wa mama ntilie wetu."

"Mtamu?"

"Anatia chumvi kama ana ugomvi na bahari. Wewe umekula?"

"Nimekula samaki wa kupaka."

"Unanitesa makusudi."

"Ulitaka nikuhurumie?"

"Nataka unialike."

"Aka! Kwa mama? Atakupokea na mchi."

"Nitakula nimesimama, mpenzi. Mlangoni. Mchi ukija nakimbia na sahani."

Munira aliziba mdomo kwa mto, maana Wafa alikuwa amelala. Ijumaa aliosha dera jeupe lenye nakshi za dhahabu, akalipiga pasi. Kisha, bila kumwambia mama yake, alipanga nguo za Wafa kwenye begi, akaliweka nyuma ya mlango. Kesho Anwar atasema alichosema sokoni, yeye atasema amesamehe, na jioni watakuwa kwao.

Ijumaa hiyohiyo, kule Keko, Anwar alikuwa na binamu yake Jabiri, muuza sponji, mtu mwenye jibu la kila kitu.

"Unataka kukiri?" Jabiri alishangaa hadi akaacha soda. "Ngoja. Wewe unataka kumwacha mkeo au hutaki?"

"Sitaki. Ndiyo maana nakwenda kuomba msamaha."

"Basi umepotea. Barazani wanaandika, braza. Ukisema tu 'nilikwenda nje', umempa talaka mkononi. Lakini ukikana, atathibitisha nini? Picha ya shati? Mashati ya bluu yako mangapi Dar? Bila kosa kuthibitika, hakuna hakimu wa kuvunja ndoa. Kana, ndoa ibaki. Ukishamrudisha ndani, omba msamaha hata kwa magoti."

"Nimemwahidi nitasema kweli."

"Unamtaka au unataka ukweli? Chagua moja."

Anwar alilala na maneno hayo. Alfajiri hofu ilikuwa imeshinda.

Ofisi ya baraza ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha ya nyavu na benchi mbili. Mwenyekiti, Bi Anastasia, mama mnene mwenye kitenge cha kijani na miwani iliyofungwa kamba, alikuwa anajipepea kwa faili. Wajumbe wenzake walikaa kando. Munira aliingia na dera lake jeupe, na Anwar alipomwona alisimama bila kujua kwamba amesimama.

"Kaa, baba, hapa si harusini," Bi Anastasia alisema. "Haya. Bi Munira ameeleza kwamba ulikuwa na mwanamke mwingine. Una la kusema?"

Munira alimtazama mumewe. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Anwar alimjibu Bi Anastasia, si mkewe. "Si kweli, mama. Sijawahi kuwa na mwanamke yeyote. Ni wivu tu."

Honi za nje zilisikika waziwazi.

"Anwar," Munira alisema kwa sauti ndogo.

"Ni wivu tu," alirudia, akitazama sakafu.

Munira alifungua mkoba, akatoa simu. "Mama, ninayo picha. Kochi nimelishona mwenyewe. Shati nimelifua mwenyewe. Tazama!"

"Weka simu, mwanangu."

"Tazama kwanza!"

"Nikitazama nitaamini, sasa hivi nakuamini pia. Lakini halitabadilika swali langu." Bi Anastasia aliacha kujipepea. "Wengi wanakuja hapa wakidhani tunatafuta mkosaji tumvue nguo. Sheria yetu hainiulizi nani kakosa. Inauliza kama ndoa hii imeharibika kiasi cha kutorekebishika. Mume akitoka nje, hiyo ni dalili mojawapo, na ni nzito. Lakini wapo waliotokewa na hilo wakapona. Wapo ambao hakuna aliyetoka nje na ndoa imeoza."

Anwar aliinua kichwa. "Kwa hiyo... hata nikikana?"

"Hata ukikana, baba. Na hata ungekiri, bado ningewauliza hivyohivyo: mnaweza kukaa pamoja? Kukiri si talaka. Wala kukana si kufuli la kumfungia mtu ndani." Akamgeukia Munira. "Nakuuliza wewe. Inarekebishika?"

Anwar alitaka kusema, mdomo ukafunguka, lakini Munira alimtangulia.

"Asubuhi ilikuwa inarekebishika," alisema. "Sasa hapana."

Nje, chini ya jua kali, Anwar alimfuata akikimbia.

"Munira, nisikilize! Niliambiwa nikikiri nitakupoteza. Niliogopa, wallahi."

Munira alisimama. Machozi yalikuwa yameshachora mistari kwenye poda yake.

"Ningekusamehe yule mwanamke. Nilishakusamehe, Anwar. Begi la Wafa liko nyuma ya mlango tangu jana. Lakini wewe umekaa pale, mbele ya watu, ukanifanya mie ndiye mwendawazimu."

Vikao vilivyofuata Munira hakubadili jibu. Kila Anwar alipotaka kueleza, yeye Munira alisema, "Ameshasema, mama, iandikwe." Baraza likaandika kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Siku hiyo Munira alimwomba mumewe talaka yake, na Anwar, mbele ya mashahidi wawili, alitoa moja. Sauti yake ilikatika katikati, mashahidi wakamsubiri amalize.

"Moja tu," alisema. "Zaidi ya hapo ulimi wangu hauendi."

Talaka moja haifungi mlango palepale. Mke hukaa eda, kiasi cha miezi mitatu ya kungoja, na kabla eda haijaisha mume anaweza kumrejea kwa kutamka tu, bila ndoa mpya wala mahari mpya. Bi Hamisa alimweleza binti yake hayo huku anachambua mchele.

"Akisema tu 'nimekurejea', wewe ni mkewe. Kwa hiyo jiandae, maana huyo atapiga simu leo leo."

"Apige asipige, shauri yake."

"Hee! Mbona unaitazama hiyo simu kama chungu kinachotaka kuchemka?"

Munira aliigeuza simu kifudifudi. Baadaye kidogo aliigeuza tena.

Simu ilikuja, kila jioni.

"Assalaam alaykum. Wafa hajambo?"

"Hajambo. Ana mafua kidogo."

"Umempa dawa?"

"Nimempa."

"Na... mama hajambo?"

"Hajambo."

Kisha ukimya mrefu, kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake. Munira alikuwa akishika ukingo wa meza ya cherehani, akisubiri. *Sema. Neno moja tu.* Hasira zilikuwa zimeanza kupungua, na chini yake alikikuta kitu kilekile cha zamani, kizima, kinauma. Alikumbuka harufu ya mbao mpya mwilini mwa Anwar. Alikumbuka alivyokuwa anamwita kutoka karakana, "Mama Wafa, njoo ukalie hili, wewe ndiye kipimo changu," naye anakalia kochi jipya kama malkia.

"Haya, usiku mwema," Anwar alisema mwishoni.

"Na kwako."

Na kule Keko, simu ikishakatwa, Jabiri alikuwa akimrukia.

"Umesema?"

"Sijasema."

"Mrejee, mwanaume! Ni haki yako. Hahitajiki hata kukubali. Siku zinaisha."

"Ndiyo hivyo, hahitajiki kukubali." Anwar alipangusa vumbi la mbao kwenye mikono. "Mie nilidanganya ili asiweze kuondoka. Sasa nimrudishe kwa neno ambalo hawezi kulikataa? Si ni mlango uleule tu, nimebadilisha komeo?"

"Unafikiri yeye atalijua hilo?"

"Sijui."

"Atajua humtaki."

Anwar alirudi kwenye fremu yake. Ushauri wa Jabiri alikuwa ameshaula mara moja.

Eda ikaisha. Munira aliijua siku yenyewe, akaoga, akaswali, akakaa kwenye cherehani hadi adhana ya isha. Simu ililia kama kawaida. Wafa hajambo? Hajambo. Usiku mwema. Alipoikata aliinamisha kichwa juu ya kitambaa alichokuwa anashona, na Bi Hamisa, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, alikuja tu akamfunika kwa khanga yake.

"Hanitaki, mama."

"Lala, mwanangu."

Mahakama ya mwanzo ilibaki kuthibitisha. Hakimu alikuwa dada mdogo kuliko walivyotegemea, mwenye kilemba cheusi, sauti ya upole. Alisoma kwamba baraza lilishindwa, kwamba talaka ilitolewa, kwamba eda imepita bila rejea. Wafa atakaa na mama yake, baba atamwona kila Jumamosi. Kiwanja cha Kimbiji, walichokichuma pamoja, kila mmoja ana sehemu yake.

"Bwana Anwar, unapinga ombi hili?"

"Sipingi, mheshimiwa. Ila naomba kusema jambo."

"Kama ni kuhusu nani alikosa, mahakama haihitaji hilo kuvunja ndoa hii. Ushahidi uliopo unatosha."

"Najua halihitajiki. Halinipi kitu, wala halimnyimi yeye kitu. Ndiyo maana nataka kulisema." Aligeuka, akamtazama Munira kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Kule barazani nilidanganya. Nilikuwa na mwanamke mwingine. Kila alichosema mke wangu... alichosema Munira, ni kweli. Hakuwa na wivu. Alikuwa na macho."

Hakimu aliandika. Katika uamuzi alioufikia, ndoa ilikuwa imevunjika na haiwezi kurekebishika. Neno kosa halikuwemo. Lakini Munira alitoka pale akiwa amenyooka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, na hakuelewa kwa nini aliposhuka ngazi alitaka kurudi ndani na kusema, *subirini kwanza*.

Jumamosi zikaanza.

Anwar alikuja asubuhi, ndevu amechonga, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Alibisha hodi na kubaki kibarazani, nje ya pazia la mlango. Na Munira, ambaye miaka sita alimfungulia mlango mtu huyu akiwa na khanga moja na nywele hazijasukwa, sasa alikimbilia ushungi kila aliposikia hodi yake. Alikuwa mwanamume wa nje tu, si mumewe tena. Alijifunga ushungi mbele ya kioo, vidole vinahangaika na pini, akijiuliza inakuwaje anajificha kwa mtu anayejua kovu lake la utotoni liko wapi.

"Yuko tayari?" sauti ilikuwa ikiuliza nje ya pazia.

"Anavaa viatu."

"Hakuna haraka."

Zilipita Jumamosi kadhaa namna hiyo. Kisha ikaja moja ambayo Wafa alikuwa bado anaoga, Bi Hamisa anamsugua huko uani na kelele zimetawala, na hapakuwa na wa kuujaza ukimya.

"Anwar."

"Naam."

"Nikuulize kitu, usinidanganye."

"Nimeacha hiyo kazi."

Munira alishika upindo wa pazia. Aliliona umbo lake upande wa pili, limesimama wima.

"Eda yote ile ulikuwa unapiga simu. Kila siku. Mbona hukunirejea?"

Alisikia akivuta pumzi.

"Ulikuwa unasubiri?"

"Nimekuuliza mie kwanza."

"Kwa sababu nisingekuuliza, Munira. Ningetamka tu, na wewe ungekuwa umerudi, upende usipende. Nilishakunyang'anya nafasi ya kuchagua mara moja, kule barazani. Nikasema safari hii, hata akiondoka moja kwa moja, aondoke kwa miguu yake. Na akirudi iwe hivyohivyo."

"Nilidhani hunitaki."

"Sikutaki?" Akacheka kicheko kilichopasuka. "Watu wa karakana wameniwekea zamu ya kunikumbusha kula."

Munira alifuta shavu kwa ncha ya ushungi. "Ungeniambia hata hilo."

"Ningekuwa nakuomba. Sikuwa na haki ya kukuomba siku zile."

"Na sasa?"

"Sasa mie ni mtu wa nje kama yeyote. Mtu wa nje anaruhusiwa kuposa, na wewe unaruhusiwa kukataa." Sauti yake ilishuka. "Ukiniruhusu, nitamtuma ami yangu aje kwa mama, aongee kiungwana, mahari mpya, ndoa mpya, upya kabisa. Ukikataa, nitakuja Jumamosi kumchukua Wafa, nitasimama hapahapa, na sitakusumbua tena kwa neno hili. Usijibu sasa."

Munira aliliachia pazia likatulia. Anwar alisikia nyayo zake zikielekea ndani, zikasimama, kisha sauti ya Bi Hamisa ikiuliza kitu, kisha minong'ono. Alikaa kwenye ngazi, viwiko juu ya magoti. Jirani alipita na ndoo ya maji, akamsalimu, hakusikia. Alikuwa anajiambia kwamba ukimya nao ni jibu, na kwamba amejitakia, na kwamba atampeleka mtoto akanywe juisi ya miwa na kujifanya mzima.

Pazia lilisogezwa. Wafa alitoka, nywele zinachuruzika maji, khanga ya bibi yake imemzunguka mwili mzima kama mzigo uliofungwa vibaya. Alimtazama baba yake pale chini kwenye ngazi, akamshika kidole, akamvuta.

"Baba, mama kasema uingie."